Jicho la tausi kwa fedha, safaya na lulu: shajara ya karakana, Tanga

12 Aprili 2025: Kazi na mchoro

Seti ni kidani kimoja na herini mbili, za bibi harusi wa Mfungo Tatu, baada ya Iddi Kubwa. Aliyeleta kazi ni shangazi yake. Alikuja na leso iliyochapwa tausi wawili wanaotazamana, akaitandaza juu ya meza yangu, juu ya tupa na vumbi la fedha, akasema, "Fundi, nataka rangi hizi hizi. Na usinitengenezee kuku."

Hofu yake ina msingi. Tausi mzima kwenye kidani cha upana wa sentimita nne humponza fundi: mkia unageuka mikwaruzo, kichwa kinakuwa kidogo kuliko punje ya mchele, na aliyekaa safu ya pili ukumbini anaona jogoo. René Lalique aliwatengeneza tausi wazima mwishoni mwa karne ya 19, na kile kidani chake kikubwa cha kifuani, cha dhahabu, mina (kioo cha rangi kilichoyeyushwa juu ya chuma) na opali, kipo kwenye jumba la makumbusho la Gulbenkian, Lisbon. Lakini kile kinafunika kifua, na aliyekilipia hakuwa anahesabu shilingi.

Nilimchorea shangazi jicho moja la nyoya, lile doa la mwisho wa unyoya wa mkia. Jicho linasomeka kwa mbali na lina mipaka ya rangi inayoeleweka. Kidani: jicho moja kubwa na lulu inayoning'inia chini yake. Herini: macho madogo mawili, lulu juu. Akakubali baada ya kuuliza mara kadhaa kama watu watajua ni tausi. Watajua, rangi zikitoka. Kazi yote ipo kwenye rangi, na ndiyo nitakayoiandika kwa urefu. Kukata, kupiga tupa na kung'arisha kila sonara anakujua.

19 Aprili: Nyoya chini ya lenzi

Nyoya nimepewa na mtu wa Raskazone, hapa Tanga, anayefuga tausi. Dume huangusha manyoya ya mkia kila mwaka msimu wa kupandana ukiisha, kwa hiyo hakuna ndege aliyenyonyolewa kwa ajili yangu.

Katikati ya jicho kuna buluu ya giza inayoelekea zambarau, na si duara kama tunavyozoea kulichora: upande wa chini ina mkato, kama figo. Inazungukwa na samawati yenye ukijani, kisha hudhurungi ya shaba, kisha tepe za kijani na dhahabu mpaka ukingoni. Ule mkato wa chini ndio unaofanya jicho lionekane la tausi. Niliufuta kwenye mchoro mmoja kuona, likabaki doa tu.

Nikaligeuza nyoya upande wa nyuma: kahawia tupu. Nikalichovya ncha kwenye glasi ya maji, halikuloa. Nikatia tone la sabuni, likaloa, na rangi zote zikafifia zikawa kama majani makavu. Lilipokauka dirishani zikarudi. Robert Hooke, Mwingereza, aliandika jambo hili mwaka 1665 baada ya kulitazama nyoya la tausi kwa hadubini yake: maji yanazifuta rangi. Sababu ilikuja kuelezwa vizuri baadaye sana. Ndani ya vijinyuzi vya nyoya kuna vijiti vya melanini, rangi ile ile ya nywele nyeusi, vimepangwa safu kwa safu. Nafasi kati ya vijiti ikiwa nanomita 140 hivi, mwanga unaorudi ni buluu, 150, kijani, 165, manjano. Nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Hakuna wino wa buluu wala wa kijani ndani ya nyoya.

Ukishalijua hili, uchaguzi wa vifaa unabadilika. Chochote kilichopakwa au kuchovywa rangi kitakaa kimya pale pale unapokigeuza. Ninachokitafuta ni vitu ambavyo rangi yake inatoka kwenye tabaka jembamba, au mawe yanayobadilika kwa mwanga.

26 Aprili: Mawe ya Umba

Bonde la Mto Umba lipo mkoani kwetu, na safaya zake zinajulikana duniani kwa rangi mchanganyiko: buluu, kijani, zambarau, manjano, hudhurungi, mara nyingi rangi ambazo huwezi kuzitaja kwa neno moja. Kwa kazi ya tausi hilo ni jema. Safaya ya buluu safi ya aina inayouzwa Ulaya ingekuwa ghali zaidi, na pia isingefanana na nyoya.

Dalali, mwenye leseni, alinifungulia karatasi zake na kuwasha tochi ya simu. Nilimwomba tutoke nje. Jiwe la umbo la yai, milimita 6 kwa 5, lilikuwa buluu yenye ukijani juani. Jioni nililiweka mbele ya mshumaa, likawa zambarau. Safaya kadhaa za Umba zinafanya hivi, na ganeti, vito vya aina nyingine vya huko, pia. Tochi ya simu, ambayo mwanga wake ni mweupe, ilikuwa imeificha tabia hiyo kabisa. Mwenye kununua kwa tochi peke yake anaweza kupeleka jiwe la buluu kwenye ukumbi wenye taa za njano na kulikuta limegeuka.

Kwanza nilitaka kulirudisha. Halafu nikalitazama tena nyoya: kile kiini cha katikati kinacheza kati ya buluu na zambarau. Jiwe hili litakaa hapo hapo. Mchana wa nikahi litakuwa buluu, usiku wa taa litakuwa zambarau, na yote mawili yamo kwenye nyoya. Nimelipa shilingi 220,000. Kwa herini nimechukua mawili ya milimita 4, buluu inayotulia bila kubadilika, 70,000 kila moja. Mawe madogo yanayobadilika na kufanana yalikuwapo, ila yalikuwa na nyufa, na ukingo wa fedha unapokandamizwa juu ya ufa jiwe linapasuka.

Vilivyokataliwa: "zumaridi" ya kijani iliyokuwa na viputo vya hewa chini ya lenzi, yaani kioo. Na kipande cha lile jiwe linalouzwa kama jiwe la tausi. Hilo ni bonaiti, madini ya shaba, chuma na salfa, ugumu wake ni 3 tu kwenye kipimo cha Mohs, ambapo safaya ina 9, kisu kinalikwaruza. Rangi zake zipo kwenye ngozi ya juu peke yake. Mengi yanayouzwa kwa jina hilo ni kalkopiraiti iliyooshwa kwa tindikali. Kwa kuweka kabatini sawa, kwa kuvaa hapana.

Kwa tepe za kijani nimenunua tsavoraiti, ganeti ya kijani iliyogunduliwa kaskazini mwa Tanzania mwaka 1967, vijiwe vya milimita 2, kumi na viwili, 12,000 kila kimoja. Ganeti kijani hiki inakipata kwenye vanadiamu na kromiamu. Hakibadiliki unapoligeuza jiwe, lakini kwenye ukingo nakihitaji kitulie.

3 Mei: Lulu

Neno "tausi" kwenye biashara ya lulu lina maana maalumu: lulu nyeusi yenye mwili wa kijani na mng'ao wa waridi au zambarau juu yake. Hutoka kwa chaza mwenye mdomo mweusi, Pinctada margaritifera. Chaza huyu yupo hata kwenye miamba ya mwambao wetu, ila lulu zake kwa wingi zinazalishwa Polinesia ya Ufaransa na zinaitwa za Tahiti. Bei ya moja nzuri ingemeza bajeti yote ya mawe.

Kwa hiyo niliagiza Dar uzi wa lulu "za tausi" kwa 35,000. Bei yenyewe ilikuwa inasema. Zilipofika nilizitazama kwenye tundu la uzi: rangi imejikusanya mdomoni mwa tundu kama mstari wa giza, na uzi wenyewe ulikuwa umeshika kijani. Nikasugua moja kwa pamba yenye dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Pamba ikawa ya kijani. Ni lulu za kweli za maji baridi, hakuna aliyedanganya kuhusu hilo, lakini zimechovywa. Zote kwenye uzi zina rangi moja, na huo nao ni ushahidi: kwenye lulu za rangi ya asili ni vigumu kupata mbili zinazofanana sawasawa. (Kipimo cha pamba kifanye kwenye lulu moja, upande wa tundu. Dawa ile inaweza kuichubua lulu.)

Lulu iliyoachwa na rangi yake inafanya kazi kwa kanuni ya nyoya. Imejengwa kwa vigae vya aragonaiti, kila kimoja unene wake kama nusu ya sehemu moja ya elfu ya milimita, na mwanga unaorudi kutoka vigae vya juu na vya chini unakutana na kugawanyika rangi. Ukitia wino unapata kijani, lakini ule mchezo wa waridi unazama chini yake.

Jibu lilikuwa ng'ambo tu. Ghuba ya Menai, Unguja, vikundi vya wanawake wanafuga chaza wa bawa jeusi, Pteria penguin, kwa ajili ya lulu nusu. Kitufe cha nusu duara kinagundishwa ndani ya gamba la chaza aliye hai, naye anakifunika kwa tabaka zake kwa miezi kadhaa. Kisha kinakatwa, kinajazwa na kuzibwa nyuma kwa kipande cha gamba. Rangi zake ni fedha, buluu hafifu, waridi, wakati mwingine dhahabu, na zinahama unapozigeuza. Si nyeusi kama za Tahiti. Juu ya fedha iliyotiwa giza zinaonekana vizuri zaidi ya nilivyotarajia. Nimeagiza tatu, 55,000 kila moja, na 10,000 ya kuzileta.

Shangazi aliziona na kuuliza mbona si za kijani. Nikamwekea moja yao na ile iliyochovywa juu ya leso yake, nikazisogeza zote mbili taratibu karibu na dirisha. Hakuuliza tena.

10 Mei: Fedha ya bibi

Shangazi alileta bangili na vikuku vya marehemu mama yake, akitaka viyeyushwe viingie kwenye seti. Kikuku kimoja chenye kazi nzuri ya nakshi nimekataa kukigusa. Nimemwambia bibi harusi akivae kama kilivyo. Vilivyobaki vilikuwa vimeshapinda na kukatika.

Vyombo vingi vya fedha vya pwani vilifuliwa kutoka kwenye riali, sarafu ya Maria Theresa yenye tarehe ya 1780, gramu 28 na fedha safi sehemu 833 kwa elfu. Kipimo changu cha jiwe na tindikali kilitoa kiwango cha karibu na hapo. Kwa kazi hii nataka 925: fedha yenye shaba nyingi inaota madoa mekundu kila inapopata moto, na rangi za mayai (zinakuja mbele) hazitoki safi juu yake.

Yeyusho la kwanza liliharibika. Kipande kilipopita kwenye rola mara ya pili kilipasuka pembeni, nikakichoma kilainike, kikapasuka tena katikati. Ukivunja unaona ndani chembechembe za kijivu. Chanzo ni lehemu ya risasi na bati: vikuku vilishatengenezwa na mafundi wa mtaani, na kila kiungo kilikuwa na bonge lake. Risasi kidogo tu kwenye fedha inatosha kuifanya iwe ya kuvunjika. Nilijaribu kuisafisha kwa boraksi na shura nje ya karakana, upepo ukiwa mgongoni kwa sababu ya moshi. Nyufa zilipungua, hazikwisha.

Kilichofanya kazi ni rahisi. Vipande ambavyo havijayeyushwa nilivikata kwa msumeno sentimita moja kila upande wa kiungo, viungo vyote nikaviweka kando, nikabaki na fimbo safi tupu. Zilitoka gramu 22. Kuzipandisha kutoka 833 hadi 925 zinahitaji fedha safi gramu 27, jumla 49, ambazo zinatosha seti bila mkufu. Fedha safi nimenunua 3,600 kwa gramu: 97,200. Bonge lenye risasi nimemrudishia shangazi na viungo vyake. Akitaka kuliuza, mwenye mtambo wa kusafisha atalichukua kwa uzito na kukata chake.

Mkufu nimenunua tayari, 65,000. Kusuka mkufu kwa mkono kwa bei hii hakulipi.

18 Mei: Mina haikufaa

Nililijaribu hili kwa sababu ndiyo njia ya kale ya tausi kwenye vito. Mafundi wa Jaipur wanatia mina, unga wa kioo cha rangi, kwenye mashimo yaliyochongwa na kuuyeyusha, na tausi ni mmoja wa maumbo yao ya kila siku. Buluu na kijani kinachopitisha mwanga mpaka chini vinapendeza juu ya fedha inayong'aa.

Matatizo yalikuwa mawili na yote yanajulikana, ila nilitaka kuyaona kwa vipimo vyangu. Mina inayeyuka karibu na nyuzi 800 za Selsiasi, na fedha ya 925 inaanza kulegea hapo hapo. Nafasi ya kukosea haipo, na umeme ulipokatika na kurudi, kipimajoto cha tanuri la kukodi kilipitiliza. Kipande kimoja kikajikunja. Pili, shaba iliyomo ndani ya fedha inapanda juu kwa moto na kuacha wingu la kijivu chini ya kioo. Kijani kikawa cha maji ya mfereji.

Dawa ipo: kutumia fedha safi, au kuichoma na kuichovya kwenye maji ya shabu mara nyingi mpaka uso wa juu ubaki fedha tupu, na kupaka mina nyuma pia ili bati lisipinde. Nikaiweka kando. Hata ikitoka vizuri, mina ni kioo chenye rangi, haihami. Unga na kukodi tanuri: 90,000 zimekwenda.

25 Mei: Mayai

Hii ndiyo sehemu ambayo watu wataitaka, kwa hiyo naenda polepole.

Yai lililochemshwa mpaka kiini kiwe kigumu linatoa haidrojeni salfaidi, ile harufu. Gesi hii ikigusa fedha inatengeneza tabaka la salfaidi ya fedha. Tabaka likinenepa sana ni ule weusi tunaoung'oa kila siku kwenye pete za wateja. Likiwa bado jembamba linagawa mwanga, na rangi zinapita kwa mpangilio huu: dhahabu hafifu, shaba, waridi, zambarau, buluu, samawati, kisha kijivu na nyeusi. Kazi ni kuitoa fedha pale rangi unayoitaka inapofika.

Chombo: ndoo ndogo ya plastiki yenye kifuniko kinachoonyesha ndani. Mayai mawili yaliyopondwa chini, fedha imening'inizwa kwa uzi juu, isiguse yai.

Mara ya kwanza ilitoka na madoa ya duara. Mvuke wa mayai ya moto uliganda kwenye fedha baridi, na kila tone likala kwa kasi yake. Msimu huu wa masika hewa yenyewe ya Tanga imeloa. Niliyaacha mayai yapoe kidogo, fedha nikaipasha joto juu ya taa kabla ya kuiingiza, na chini ya kifuniko nikabandika kitambaa kikavu, nikiacha upenyo wa kuchungulia. Madoa yakaisha. Yaliyobaki yalikuwa alama za vidole: fedha isuguliwe kwa soda ya kupikia na maji, ioshwe, na tangu hapo ishikwe kwa kibano tu.

Tatizo kubwa lilikuwa miviringo. Jicho lina rangi tatu au nne kwenye uso mmoja. Nilianza na bati moja, nikiziba sehemu kwa rangi ya kucha, natia kwenye mayai, nazibua, naziba kwingine. Gesi ilipenya chini ya kingo, buluu ikavuja kwenye shaba, na kila nilipozibua, dawa ya kuondolea ilichafua uso. Nilijaribu mpaka bati likawa jembamba kwa kusuguliwa.

Nikaachana nalo na kukata mabati matatu. La chini ni pana, la kijani na dhahabu. La kati ni la shaba. La juu, dogo, ni la buluu, na ndilo lenye ule mkato wa chini. Kila moja linakwenda kwenye mayai peke yake na kutolewa kwa wakati wake. Yanapowekwa pamoja yanatengeneza ngazi, na kivuli chembamba kati ya rangi na rangi kinafanana na nyoya kuliko mstari wowote niliochora.

Kuyaunganisha hakuwezi kuwa kwa lehemu, maana moto unafuta rangi yote. Kikombe cha safaya nimekitengenezea shina la waya mzito nyuma. Shina linapita kwenye matundu ya mabati yote matatu na kugongwa kichwa upande wa nyuma, juu ya fuawe. Hakuna moto.

Buluu ilitoka vizuri, ya giza, yenye zambarau pembeni. Shaba ilikuwa rahisi. Kijani hakikutoka. Salfaidi ya fedha inapita kwenye samawati yenye ukijani kwa muda mfupi na kuingia kijivu, na kile kijani cha nyasi cha nyoya sikukipata hata kwa kusimama juu ya ndoo bila kupepesa. Kwa hiyo bati pana nimeliachia dhahabu hafifu, na kijani nimekikabidhi tsavoraiti ukingoni.

1 Juni: Kuziba rangi

Tabaka hili ni jembamba mno. Kidole kinachorudiarudia kinalitoa. Wengi wanapaka vanishi. Nilipaka kwenye kipande cha jaribio na buluu ikafa, ikawa kijivu yenye unyevu. Ni lile jambo la nyoya kwenye maji: rangi inategemea hewa iliyo juu ya tabaka, ukiweka kitu kingine hapo mwanga unarudi kwa njia nyingine. Nta nyembamba ya nyuki, iliyopakwa na kufutwa mara moja, ilipunguza mwangaza kidogo tu.

Ulinzi wa kweli ni umbo. Kwenye kidani nimeinua ukingo wa bati la chini kwa milimita moja na nusu, wenye vijiwe vya kijani juu yake, na jicho lote limezama ndani. Nguo na ngozi vinagusa ukingo na kilele cha safaya, ambayo haikwaruziki na nguo. Ndani sikupaka kitu. Herini, kwa kuwa mabati yake yamekaa juu zaidi, zimepata nta.

7 Juni: Kupachika

Mpangilio uliofanya kazi: lehemu zote kwanza, na kuchovya kwenye shabu, kisha safaya na tsavoraiti kwenye vikombe vyake, kisha mayai kwa mabati, kisha kugonga shina, lulu mwisho. Lulu isikaribie moto, shabu wala ndimu. Ni kalsiamu kabonati, na tindikali yoyote inaila.

Lulu ya kidani ilipata pengo ukingoni nilipokandamiza kikombe kwa chuma. Lulu nusu ni kuba jembamba lililogundishwa kwenye mgongo wake, na pale zinapokutana ndipo dhaifu. Hii imenigharimu lulu nyingine, 55,000, kutoka kwa wanawake wale wale. Ya pili nimeikalisha kwenye gundi ya epoksi ndani ya kikombe kirefu zaidi, ikakauka usiku mzima, na ukingo nikauegemeza kwa kijiti cha mpingo badala ya chuma. Ukingo sasa unaizuia isitoke, gundi ndiyo inayoishika.

14 Juni: Kukabidhi na gharama

Fedha safi 97,200. Mkufu 65,000. Safaya tatu 360,000. Tsavoraiti 144,000. Lulu nusu nne 220,000 na 10,000 ya kuzileta. Uzi wa lulu zilizochovywa 35,000. Mina na tanuri 90,000. Gesi, msasa, epoksi, nta na mayai 48,000. Jumla 1,069,200 bila ufundi. Anayeanza leo akiacha lulu za kuchovywa, mina na lulu iliyobanjuka atapunguza 180,000.

Shangazi aliivaa seti juu ya buibui lake mbele ya kioo changu, akageuka kulia na kushoto. "Kuku hayumo," akasema, kisha akaanza kubishana bei ya ufundi.

Maelekezo niliyompa bibi harusi: singo, marashi na udi kwanza, seti mwisho kabisa, kwa ajili ya lulu. Akivua afute lulu kwa kitambaa laini kikavu. Asisugue ndani ya jicho, na asimpe mtu aichovye kwenye dawa ya kung'arishia fedha, itaondoka buluu yote kwa dakika moja. Aihifadhi kwenye mfuko wa kitambaa, mbali na mpira. Mpira mwingi una salfa, na tabaka litaendelea kunenepa gizani.

29 Juni: Baada ya harusi

Seti imerudi kwangu kukaguliwa. Kidani hakijabadilika, ndani ya jicho rangi ni ile ile, na picha za ukumbini zinaonyesha safaya ikiwa zambarau waziwazi. Herini ya kushoto imefifia upande wa nyuma ya bati la kati, ambapo shela ilikuwa ikisugua kila anapogeuza shingo. Nta haikutosha hapo. Nimelifungua shina, nikasugua bati, nikalirudisha kwenye mayai, na safari hii nimeinua ukingo wa herini zote mbili kwa kuzungushia waya.

Binamu yake bibi harusi anataka pete ya namna hii hii. Nimemkatalia mayai kwenye pete: mkono unaosha vyombo na kukanda unga hautaiachia buluu hata wiki. Nimemwambia safaya ya kijani ya Umba na tsavoraiti, fedha tupu.

Kuhusu kijani kinachohama, njia iliyobaki ni titani. Bati la titani likitiwa kwenye maji ya chumvi inayopitisha umeme, na umeme wa mkondo mmoja (kama wa betri), linaota tabaka la oksaidi ambalo unene wake unafuata volti: buluu karibu na 30, kijani hupatikana kuanzia 100 hivi. Tabaka hilo ni gumu kuliko salfaidi na halihitaji mayai. Volti 100 za mkondo mmoja zinaua, kwa hiyo kabla ya kununua bati natafuta fundi umeme wa kunijengea kifaa chenye swichi ya usalama. Bei yake nitaiandika hapa nikishaipata.